Bilioni Moja, Hesabu Mbili

Miongoni mwa mambo yanayomhadaa msomaji wa lugha nyingi, hakuna linalohadaa kwa upole kama herufi. Kwa kuwa jicho likiona neno lililoandikwa kwa herufi zile zile na kwa mpangilio ule ule, katika gazeti la Paris na katika gazeti la London, huharakia kuiarifu akili kwamba maana nayo ni ile ile, na akili, ambayo aghalabu hupenda raha, hukubali bila kudai shahidi. Lakini herufi hazitoi dhamana hiyo. Neno hupata maana yake kwa kaumu inayolisema, kwa zama zilizolilea na, mara nyingine, kwa amri ya serikali. Maneno ya Ulaya, ambayo kwa karne nyingi yameandikwa kwa herufi za Kirumi na kuazimana bila kiasi, yamejaa mifano ya neno lililo moja kwa macho na mawili kwa maana. Mifano mingi katika hiyo haimdhuru mtu. Ila upo mmoja uliokwisha kutoka katika kamusi na kuingia katika hazina za mataifa, nao sasa umefika mlangoni petu. Rai yangu ni kwamba tuupokee kwa tadbiri, kabla haujatutia hasara.

Ziko njia tatu ambazo kwazo neno moja la Ulaya hupata maana mbalimbali, na yafaa zipambanuliwe, kwa sababu hatari zake si sawa. Njia ya kwanza ni sadfa tupu. Mwitaliano akiandika “burro” amekusudia siagi, na Mhispania akiandika “burro” amekusudia punda. Neno la Mwitaliano limeshuka kwa Kilatini, nacho Kilatini kilikuwa kimelipata kwa Wayunani, likiwa na maana hiyo hiyo ya siagi. Ilhali neno la Mhispania limeshuka kutoka katika jina la Kilatini la farasi mdogo. Hayana nasaba moja hata kidogo, ila matamshi ya karne nyingi yameyapunguza huku na huku, hata yakatokea kufanana herufi kwa herufi.

Njia ya pili ni ya nasaba moja iliyotawanyika. “Gift” kwa Mwingereza ni zawadi, hiba au tunu. Kwa Mjerumani ni sumu. Na kwa watu wa Uswidi, Norwe na Denmark ni sumu, na pia ni sifa ya mtu aliyekwisha kufunga ndoa. Hapa hakuna sadfa, kwa maana yote hayo yametokana na kitenzi kimoja cha kale chenye maana ya kutoa. Kilichotolewa kwa ukarimu kikawa zawadi. Binti aliyetolewa kwa mume akapata jina lake humo humo, na hata leo Wajerumani huita “Mitgift” mali ambayo bibi arusi hupewa na wazazi wake anapokwenda kwa mumewe. Ama maana ya sumu, wanazuoni wa lugha hueleza kwamba ilipitia kwa matabibu: Wayunani waliita kipimo cha dawa “dosis”, yaani utoaji, neno ambalo limetufikia hata sisi kwa sura ya dozi, Wajerumani wakaiga fikra hiyo katika lugha yao wenyewe, kisha watu, kwa kuona haya kuitaja sumu waziwazi, wakaiita kitu kilichotolewa, mpaka jina la staha likageuka kuwa jina halisi na maana ya zawadi ikafifia.

Anayekosea kati ya siagi na punda husahihishwa papo hapo, na anayekosea kati ya zawadi na sumu huokolewa na sentensi inayofuata, kwa kuwa vitu hivyo havifanani wala havikai pamoja. Njia ya tatu ndiyo inayostahili hadhari, kwa sababu katika njia hiyo neno ni moja kwa nasaba, moja kwa herufi, na moja kwa aina ya kitu linachokitaja, wala sentensi inayofuata haimsaidii msomaji kugundua kwamba amepotea. Neno lenyewe ni “billion”. Kwa Mwingereza na Mmarekani wa leo, “billion” ni milioni elfu, yaani moja yenye sifuri tisa. Kwa Mfaransa, ambaye huliandika kwa herufi hizo hizo saba, “billion” ni milioni mara milioni, yaani moja yenye sifuri kumi na mbili. Kati ya hesabu hizo mbili, ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza mara elfu moja.

Tarehe ya neno hili inafaa kujulikana, kwani humo ndimo sababu ya khitilafu ilimo. Warumi wa kale hawakuwa na jina la hesabu lililopita elfu, na aliyetaka kutaja milioni alilazimika kusema laki mara kumi. Waarabu walikariri neno lao alfu, wakasema alfu alfu kwa milioni, na alfu alfu alfu kwa milioni elfu. Ni usemi mrefu, lakini hakuna aliyeweza kuuelewa vingine. Waitaliano wa zama za kati ndio waliotoa neno la milioni, ambalo asili yake ni elfu kubwa. Kisha katika mwaka 1484, mjini Lyon, tabibu na mwanahesabu Mfaransa aitwaye Nicolas Chuquet aliandika kitabu cha hesabu ambamo alipanga tarakimu sita sita, akaliita fungu la pili la sita kwa jina la milioni, la tatu kwa jina la “byllion”, la nne kwa jina la “tryllion”, na kuendelea. Kanuni yake ilikuwa nzuri na yenye insafu: milioni ikizidishwa kwa nafsi yake ni bilioni, kwa kuwa sehemu ya kwanza ya neno hilo ni mbili, na milioni mara milioni mara milioni ni trilioni, kwa kuwa sehemu ya kwanza ya neno hilo ni tatu. Kitabu chenyewe hakikupigwa chapa katika uhai wake, ila Estienne de La Roche alichukua mengi kutoka humo katika kitabu chake cha mwaka 1520, na majina hayo yakaenea. Mwaka 1690 mwanafalsafa Mwingereza John Locke, alipoeleza namna akili ya mtu inavyoshika hesabu kubwa, aliyapanga majina hayo kwa tarakimu sita sita vile vile.

Mfarakano ulianza katika karne ya 17, pale wanahesabu wa Ufaransa walipoanza kupanga tarakimu tatu tatu badala ya sita sita. Majina hawakuyabadili, walibadili mafungu tu, na kwa badiliko hilo dogo la mkono bilioni ikashuka kutoka sifuri kumi na mbili hadi sifuri tisa, na trilioni ikashuka kutoka sifuri kumi na nane hadi kumi na mbili. Wamarekani wakaipokea desturi hiyo ya Kifaransa, na Waingereza wakabaki katika desturi ya zamani. Wajerumani, kadhalika, walibaki na bilioni ya zamani, na kwa milioni elfu wakatumia neno jingine, “Milliarde”, ambalo pia asili yake ni Ufaransa. Hivyo basi kwa muda mrefu watu wa lugha moja ya Kiingereza, waliotengwa na bahari ya Atlantiki, walikuwa wakisoma neno moja kwa hesabu mbili.

Lakini jambo la ajabu zaidi lilitukia katika maisha ya watu ambao baadhi yao wangali hai. Mwaka 1961 serikali ya Ufaransa iliamua rasmi kwamba “billion” irejee katika maana yake ya kale ya milioni mara milioni, na kwamba milioni elfu iitwe “milliard”. Kisha tarehe 20 Desemba 1974 Waziri Mkuu wa Uingereza, Harold Wilson, akijibu swali Bungeni, alisema kwamba mawaziri wake watalitumia neno hilo kwa maana ya milioni elfu, kwa kuwa ndiyo maana iliyokwisha kuenea kimataifa. Katika muda wa miaka 13 tu, mataifa mawili jirani, yanayotengwa na mlango mwembamba wa bahari, yalibadilishana nafasi: aliyekuwa na sifuri tisa akachukua kumi na mbili, na aliyekuwa na kumi na mbili akachukua tisa, na herufi za neno zisibadilike hata moja. Msomaji anayefungua leo kitabu cha Kiingereza kilichochapwa London katika mwaka 1950, au cha Kifaransa kilichochapwa Paris katika mwaka huo huo, haimtoshi kujua lugha. Hana budi kutazama na mwaka.

Hali ya sasa ya Ulaya ni kama hivi. Bilioni yenye sifuri kumi na mbili ndiyo ya Mfaransa, Mjerumani, Mholanzi, Mhispania, Mreno, Mpoland na watu wa Skandinavia, kila mmoja kwa tahajia yake iliyo sawa au iliyokaribiana, ingawa Mbrazili, anayesema Kireno, hufuata sifuri tisa. Mrusi husema “milliard” kwa sifuri tisa, kisha huipita bilioni asiitumie, akaenda moja kwa moja kwenye trilioni ya sifuri kumi na mbili. Mhispania husema milioni elfu, na mwishoni mwa mwaka 1995 wasimamizi wa lugha yake wakakubali na neno “millardo” kwa hesabu hiyo. Mfaransa mwenyewe, juu ya kwamba sheria imemwekea “billion” yake, hulikwepa neno hilo katika magazeti, akapendelea kusema milliard elfu. Nami naona kwamba katika tabia hiyo ya kulikwepa neno lenye shaka iko busara ambayo yafaa tuitazame.

Asije mtu akadhani kwamba hili ni suala la wanavyuoni peke yao. Mnamo Novemba 1923, baada ya sarafu ya Ujerumani kuanguka, dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa mark “Billionen” 4.2, na sarafu mpya iliyotolewa mwezi ule, Rentenmark, ilihesabiwa kuwa sawa na “Billion” moja ya mark za karatasi. Mwingereza wa siku zile, kwa kanuni ya lugha yake, aliweza kuziita bilioni kama Mjerumani. Mmarekani, kwa kanuni ya lugha hiyo hiyo ya Kiingereza, ilimpasa aziite trilioni. Msiba ulikuwa mmoja, na mtu aliyeuza nyumba akapata bei ya mkate alikuwa mmoja, lakini habari yake ilipovuka bahari ilihitaji jina jingine ili ibaki kuwa ya kweli.

Na yaliyokuwa 1923 yapo leo. Katika mwaka 2020, nchi za Umoja wa Ulaya zilipokubaliana kuanzisha mfuko wa euro milioni 750,000 wa kujikwamua na hasara za maradhi ya korona, mfuko huo pamoja na bajeti ya miaka 2021 hadi 2027 ulifikia jumla ya takriban euro milioni 1,800,000. Kwa Kiingereza waliandika “trillion” 1.8, kwa Kijerumani “Billionen” 1,8, na kwa Kifaransa “milliards” 1 800. Wakubwa walikuwa wale wale na fedha zilikuwa zile zile. Sasa mfasiri wa Kiswahili aliyekaa mbele ya taarifa ya Kijerumani, akiwa na haraka ya saa ya habari, akiandika bilioni 1.8 kwa kuongozwa na jicho, atakuwa ameondoa sehemu 999 katika kila elfu ya fedha hizo, wala hatakuwa ameongeza neno hata moja la uongo kwa kusudi.

Swali la kwa nini jambo hili linatuhusu lina majibu mengi. Kiswahili leo hupokea habari za dunia kwa milango mingi: BBC ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1957, Deutsche Welle mwaka 1963, na redio ya kimataifa ya Ufaransa, RFI, mwaka 2010. Wafasiri wa idhaa hizo wanafanya kazi ya kushukuriwa, nao wanakutana kila siku na maneno ya Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa yenye sura moja na thamani mbalimbali. Hata Muscat, ambako wengi wa jamaa zetu husema Kiswahili nyumbani na Kiarabu sokoni, hesabu yenye sifuri tisa huitwa “milyar”, nayo imefuata njia ya Kifaransa wala si ya Kiingereza.

Lakini jibu lililo zito zaidi limo ndani ya Jumuiya yetu wenyewe ya Afrika Mashariki. Burundi na Rwanda ziliingia mwaka 2007, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, na mwaka 2021 wakuu wa nchi walikubali Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Uamuzi huo ni wa heri, na mwenye kukipenda Kiswahili hana budi kuufurahia. Walakini umeleta katika meza moja lugha mbili za Ulaya zinazoandika “billion” kwa herufi zile zile na kuihesabu kwa namna mbili, na baina yao umekiweka Kiswahili, ambacho wasemaji wake wa Dodoma na Nairobi wamejifunza hesabu kubwa kwa njia ya Kiingereza, na wasemaji wake wa Lubumbashi na Bukavu wamejifunza kwa njia ya Kifaransa. Bajeti ya Tanzania ya mwaka wa fedha 2024/25 ilikadiriwa kuwa takriban shilingi trilioni 49.35. Mtu wa Bujumbura akiiandika hesabu hiyo hiyo kwa Kifaransa sahihi, “billions” 49,35 ni haki yake, na “milliards” 49 350 pia ni haki yake. Na mtu wa Dar es Salaam akiisoma ile ya kwanza kwa macho yake mwenyewe atadhani kwamba serikali yake imepanga kutumia sehemu moja tu katika elfu ya ile iliyotangazwa. Tena tarakimu zenyewe zina mtego wake, kwani koma ambayo kwetu hutenga maelfu, kwa Mfaransa ndiyo nukta ya desimali.

Ni mithili ya wafanyabiashara wawili wanaoandikiana mkataba wa mchele kwa pishi, kila mmoja akilikusudia pishi la mji wake, na wasigundue tofauti mpaka siku ya kupima. Mkataba huo hauna mwongo, wala hauna mwizi. Una neno moja ambalo hakuna aliyeuliza kiasi chake. Na katika mikopo ya mataifa, katika gharama za reli na mabwawa, na katika fidia za migodi, siku ya kupima huwakuta watu ambao hawakuwapo wakati wa kuandika.

Najua kwamba wako watakaosema kuwa hofu hii imepita kiasi, kwa sababu mtu mwenye akili timamu hutambua kosa la mara elfu kwa kuitazama habari yenyewe. Hoja hiyo ina ukweli katika mambo tuyajuayo. Habari ya kwamba wakazi wa dunia walifika bilioni 8 kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa mnamo Novemba 2022 haiwezi kumpoteza mtu, kwa kuwa hakuna awezaye kuamini kwamba wakazi hao ni milioni milioni nane. Lakini akili hukosa mahali pa kushika pale hesabu inapokuwa ya mambo asiyoyaona mtu: deni la taifa la mbali, umbali wa nyota, thamani ya madini yaliyo chini ya ardhi, faida ya kampuni ya ng'ambo. Katika mambo hayo bilioni na trilioni zote mbili ni nyingi tu, na msomaji huzipokea kwa imani. Na pale anapopokea kwa imani ndipo mwandishi anapodaiwa uangalifu mkubwa zaidi.

Wako wengine watakaosema kwamba tuachane na neno hilo kabisa, tukachukue miliadi au tufufue alfu alfu ya wahenga. Siungi mkono rai hiyo. Bilioni imekwisha kuota mizizi katika Kiswahili cha Tanzania, Kenya na Uganda kwa maana ya milioni elfu, na trilioni kwa maana ya bilioni elfu. Imo katika hotuba za bajeti, katika vitabu vya shule na katika vinywa vya wachuuzi, na kuing'oa ni kuzidisha vurugu ambayo tunataka kuipunguza. Ufaransa na Uingereza zimetuonyesha wazi gharama ya kubadili maana ya neno la hesabu baada ya vitabu kuandikwa: vitabu vya kale hubaki, na kila kizazi hubeba mzigo wa kukumbuka mwaka.

Ninalolitaka ni jepesi kutenda. Kwanza, Baraza la Kiswahili la Taifa pamoja na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yatangaze kwa maandishi kwamba katika Kiswahili sanifu, popote kinaposemwa, bilioni ni milioni elfu moja na trilioni ni bilioni elfu moja, na tangazo hilo lifike Kongo, Burundi na Rwanda kwa Kifaransa ili walimu wa huko walijue. Pili, kila waraka wa Jumuiya unaotaja fedha katika lugha zaidi ya moja uandike tarakimu zote pamoja na sifuri zake mara moja, mwanzoni, kabla ya kutumia jina la mkato. Wino wa sifuri kumi na mbili ni rahisi kuliko kesi moja. Tatu, wahariri wa magazeti na redio wawawekee wafasiri wao kanuni moja: hesabu yoyote iliyotoka katika lugha ya Ulaya isiyo Kiingereza isiandikwe mpaka mfasiri awe ameiandika kwa tarakimu, akazihesabu sifuri zake, kisha ndipo aipe jina la Kiswahili. Na pale habari inapokuwa nzito, isemwe milioni elfu kadhaa bila kuona haya, kwani Waingereza wenyewe waliandika hivyo kwa miaka mingi walipotaka kueleweka pande zote mbili za Atlantiki.

Wazee wetu wamesema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la jumuiya ya nchi nyingi ni lugha yake, na lugha iliyopewa cheo cha kuwa rasmi hupewa pamoja nacho wajibu wa kupima kwa haki. Mkulima wa Kigoma, mvuvi wa Kalemie na mchuuzi wa Bujumbura wanazunguka ziwa moja, wanasema Kiswahili kimoja, na kodi zao zinaingia katika miradi ambayo wakubwa wao wanaipanga pamoja. Kila mmoja wao ana haki, akisoma bilioni katika waraka uliotiwa sahihi kwa jina lake, ya kujua kwa yakini ni sifuri ngapi, bila kwanza kuuliza aliyeuandika alisoma shule ya Mwingereza au ya Mfaransa.